Iache Ilie

Asubuhi ile Emmanuella alipomsindikiza binti yake kwa fundi Alimasi kuchagua kinga, baiskeli ya kwenda nayo kazini, hakuwa ametia kitu kinywani. Ilikuwa Ijumaa, na jirani yeyote angedhani amefunga, kwa jinsi wanavyomjua mama yule na rozari yake. Mungu mwenyewe alijua si hivyo. Alikuwa akisukuma sahani kando tangu jana yake, Laura aliposema, "Mama, twende kesho. Jumatatu naanza kazi."

Laura alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi. Walimpangia kituo kidogo cha afya upande wa Kabambare, na kazi yake ingekuwa ya kuzunguka: kufuata barabara ya udongo, kisha kukata njia za mashamba kwenda kuchanja watoto vijijini. Pikipiki aliikataa. Petroli huko leo ipo, kesho haipo, na njia ile inayoendelea mpaka Salamabila kwenye dhahabu ina watu wanaovizia pikipiki. Kinga haimtoi mwizi mate.

Alimasi aliwapokea barazani kwake, kofia yake nyeupe kichwani, mikono myeusi kwa grisi. Kwao ni mafundi tangu babu. Hakuna mtu mjini Kasongo, awe wa msikiti au wa misheni, ambaye hajawahi kusimama pale akisubiri gurudumu lake linyooshwe.

"Karibu, Mama Laura. Na huyu ndiye daktari wetu?"

"Niko muuguzi tu, papa Alimasi."

"Kwa sisi wenye matako ya kuchomwa sindano, wote ni madaktari. Ukae, mama. Angalia, mutoto."

Kinga tatu zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Ya kwanza nyeusi, nzito, ya zile ambazo wanaume hupakia magunia ya mpunga wakazisukuma siku tatu. Ya pili nyekundu, ya alumini, inang'aa kama sufuria mpya. Ya tatu ya kijani iliyochujuka, mwili wa chuma chembamba, tairi zake, pineu, si nene wala si nyembamba, na kwenye kila gurudumu, karibu na katikati, kisahani cha chuma chenye matundu.

Laura aliinua ile nyekundu kwa mkono mmoja. "Mama, ona! Kama kikapu."

"Nyepesi iko nyepesi," Alimasi akasema. "Siku ikipasuka huko porini, utampelekea nani? Hata hapa mjini waunga vyuma watakurudishia: alumini hatuiwezi. Lakini hii ya kijani..." Aliigonga kwa spana, ikalia kama kengele ndogo. "Chuma. Kikivunjika, hata kijijini kuna mutu na moto wake. Anakiunga, unapanda, unaenda."

"Basi nachukua chuma."

"Na freni zake ni hizi za disiki, hivi visahani. Mvua inyeshe, matope yajae, disiki iko huku juu, tope haliifikii upesi. Inabana tu."

Hapo uso wa Laura ukakunjamana. Akaiacha ile nyekundu, akarudi nyuma hatua moja.

"Za disiki hapana, papa. Baba alikufa juu ya hizo."

Alimasi alichukua kitambaa chake, akaanza kupangusa spana iliyokuwa safi tayari. Emmanuella aliangalia chini, kwenye vidole vyake vya miguu.

Kwamba disiki ndiyo ilimuua Hippolyte, baba yake Laura, hakuna aliyelipinga neno hilo katika ukoo. Gédéon, mdogo wa marehemu, alilisema siku ya kilio, amesimama katikati ya watu: "Ile freni ya wageni ndiyo imekula kaka yangu!" Likarudiwa siku ya arobaini, na kila kijana wa ukoo aliponunua kinga. Miaka sita. Na kila liliposemwa, Emmanuella alikuwepo, na hakufungua mdomo.

Hippolyte alikuwa katekista. Padri mmoja mgeni aliporudi kwao alimwachia kinga yake, ya chuma, yenye disiki, na ikawa ya kwanza ya namna ile mtaani. Ilikuwa nzuri, ila asubuhi kukiwa na umande ililia. Nyumba yao iko ukingoni mwa mji, juu ya mteremko unaoshuka hadi kijito chenye daraja la magogo. Hippolyte akishuka na kushika freni, ile sauti ilifika mpaka jikoni: iiiiii, mpaka chini. Watoto waliigiza. Wanaume waliokuwa wakinywa chai njiani walisema, "Katekista huyo, anapeleka mbuzi wake kubatizwa." Yeye mwenyewe alicheka, akamwambia mkewe, "Emma, nimeoa mke wa pili, na huyu kelele zake zinakushinda."

Alicheka, lakini Emmanuella alimjua mumewe. Aliona anavyoinamisha kichwa akipita pale penye chai.

Kwao kitu kinacholia hupakwa mawese. Bawaba ya mlango hupakwa mawese. Cherehani hupakwa mawese. Hata tumbo la mtoto mchanga likimsokota, bibi huchovya kidole katika mawese na kulisugua polepole mpaka mtoto anyamaze. Basi Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi, Hippolyte akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Emmanuella alichukua unyoya wa kuku, akauchovya katika kikombe cha mawese yaliyopashwa moto, akavipaka vile visahani viwili pande zote, vizuri, kwa upendo, kama mtu anayempamba bibi harusi. Alitaka mumewe aende kufundisha wabatizwa wake kwa heshima.

Asubuhi alimpa muhogo na chai. Alimwangalia akitoka. Kisha akasimama uani, akatega sikio kuelekea mteremkoni. Hakusikia kitu. Kimya kabisa. Akatabasamu.

Bado alikuwa na lile tabasamu usoni watu walipopanda mbio kutoka darajani.

Hippolyte aliishi mpaka alasiri, hakusema neno. Na mkewe, siku zote tatu za kilio, hakutoa chozi. Wanawake wakanong'ona kwamba imani yake ni kubwa. Haikuwa imani. Aliogopa kwamba akifungua kinywa alie, lile jambo lingetoka pamoja na kilio.

Alikuwa ameliungama kwa padri. Padri alimwambia dhambi inataka moyo wa kutenda ubaya, na wewe, mama, moyo wako ulikuwa wapi? Nenda kwa amani. Alikwenda, lakini amani hakurudi nayo nyumbani.

"Nachukua nyeusi," Laura akasema pale barazani. "Ni chuma, na freni zake ni za zamani. Tumezizoea."

Alimasi aliweka spana chini. "Mutoto wangu, ile haiko mbaya kwa gunia la mpunga, maana mwenye gunia anatembea kando yake. Wewe utapanda juu. Mvua ya Novemba, gurudumu limejaa tope, unashika ile freni ni kama unashika sabuni ndani ya maji."

"Nitafunga na ndala." Ndivyo wafanyavyo wengi: kukanyaga pineu kwa soli ya ndala mpaka kinga isimame.

"Ukiwa na sanduku la chanjo nyuma? Kwenye kilima? Utafika chini bila ndala, na bila mguu."

"Baba yangu alikuwa na disiki, naye alifika chini, papa Alimasi. Ulimwona."

Yule mzee alimgeukia Emmanuella, na sauti yake ikawa ndogo. "Mama Laura. Wewe ndiye mzazi. Unasemaje?"

Emmanuella aliiangalia kinga nyeusi. Alimwona mtoto wake juu yake, katika mvua, juu ya kilima. Alijua kwamba akisema tu "chukua unayopenda," Laura angeondoka na ile nyeusi, na siri ingebaki ilipo, imetulia. Na kama angesema "chukua ya disiki" bila kueleza, siku moja ya umande ingelia, na Laura, mtoto aliyekulia jikoni kwake, angefanya nini? Angetafuta mawese.

Akasema akiwa bado amekaa.

"Disiki haikumuua baba yako. Niliipaka mawese."

Laura alimwangalia bila kuelewa. "Uliipaka nini?"

"Mawese. Ilikuwa inalia, watu walimcheka. Nilipaka jioni ile, pande zote mbili. Asubuhi ikateleza. Haikushika." Mikono yake ilikuwa inasugua magoti kana kwamba bado ina mafuta. "Kitu kile hakitaki mafuta, mwanangu. Sikujua. Hata tone moja, hakishiki tena. Sikujua."

Barabarani alipita mtu na mbuzi wawili, akasalimia. Alimasi akamjibu kwa mkono.

"Miaka sita," Laura akasema. "Mama. Miaka sita baba mdogo Gédéon anasimama mbele ya watu..."

"Ndiyo."

"Nawe unakaa hapo."

"Ndiyo."

Laura aligeuka, akaenda kusimama mwisho wa baraza, mgongo kwao. Alipozungumza tena hakugeuka.

"Baba alijua?"

Hilo ndilo swali ambalo Emmanuella alimwuliza Mungu kila usiku kwa miaka sita. "Sijui," akasema. "Hakuniambia neno. Sitajua mpaka nikutane naye."

Alimasi alikohoa. "Mimi nilijua," akasema.

Wote wawili wakamwangalia.

"Kinga waliileta hapa kwangu siku ileile. Nikashika gurudumu, vidole vikawa vyekundu. Nikanusa. Mimi nakula mawese kila siku, nitakosa kuyajua? Nikayapangusa kabla Gédéon hajafika." Alivuta kofia yake mbele. "Mutu alikuwa anakufa. Kule kilioni watu wangekula nini, mchele au wewe, Mama Laura? Nikasema, neno hili si langu. Mwenyewe atalisema siku likimzidi. Leo kama ungenyamaza, ningelisema mimi, kwa ajili ya huyu. Mungu anisamehe, nilikuwa nakungoja."

Emmanuella alifunika uso kwa ncha ya kitenge. Kwa miaka sita alipita mbele ya baraza lile akidhani anatembea na siri yake peke yake.

Laura alirudi polepole. Hakumgusa mama yake. Aliichukua kinga ya kijani, akaipanda, akaenda mpaka kwenye mti wa mwisho wa barabara na kurudi, akashika freni. Kinga ikasimama palepale, ikalia kidogo.

"Hii," akasema. "Ikichafuka, inasafishwa na nini?"

"Maji safi na sabuni. Lakini vile vibao vidogo vinavyobana disiki vikishanywa mafuta, vitupe, uweke vipya. Nitakupa jozi mbili. Na kama disiki ina mafuta mafuta, kitambaa na lutuku, ile kali."

"Lutuku!" Emmanuella alisema kabla hajajizuia. "Mjane wa katekista aende kununua pombe?"

Kona moja ya mdomo wa Laura ilitaka kucheka, kisha ikakumbuka, ikaacha.

Walirudi nyumbani Laura akiisukuma kinga, mama nyuma yake, hatua kumi kati yao. Siku zile mbili zilikuwa ndefu. Laura alijibu alipoulizwa, alisalimia asubuhi, alichota maji. Sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese, iliyopikwa Jumamosi aliisogeza kando, akala wali mtupu. Mama yake aliona, akaifunika. Jumapili, baada ya misa, Emmanuella alimwita Gédéon chini ya ukuta wa kanisa na kumwambia yote. Gédéon alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa kofia yake, akasema, "Shemeji, usinifuate leo," akaenda zake. Mpaka giza linaingia hakuwa amerudi kuzungumza naye, na huenda asingerudi karibuni.

Jumatatu umande ulikuwa mzito. Laura alifunga sanduku lake nyuma ya kinga, akapiga magoti, akavipangusa vile visahani viwili kwa kitambaa kilichonuka lutuku, kimoja kimoja, bila haraka. Mama alisimama mlangoni na chupa ya chai. Laura aliipokea.

"Naenda, mama."

"Mungu akutangulie."

Laura aliifunga chupa juu ya sanduku. Akapanda, akatoka uani.

Emmanuella alisimama palepale aliposimama asubuhi ile ya miaka sita iliyopita. Alishika rozari lakini hakuisali. Alitega sikio tu.

Ikaanza. Iiiiii. Kali, mbaya, ya kuumiza meno, ikashuka mteremko mzima. Mama Sifa, jirani yake, alitoa kichwa juu ya ua wa matete.

"Jamani, Mama Laura! Hiyo kinga ya mutoto inalia hivyo! Si mungeipaka hata mawese kidogo?"

"Iache," Emmanuella akasema. "Iache ilie."

Machozi yalikuwa yameanza kushuka, yale ya kilio cha siku tatu, yamechelewa miaka sita. Hakuyafuta, maana roho yake yote ilikuwa kwenye ile sauti. Sauti ilipungua, ikakatika kule chini. Akahesabu magogo ya daraja moyoni, moja, mawili, matatu, mpaka yakaisha. Kisha kwa mbali, ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko mdogo wa pili, akaisikia tena.