Bunduki Yenye Jina Langu

Bunduki yangu haisafiri ikiwa nzima. Kabla ya kutoka nyumbani naitenganisha, mtutu mbali na kitako, nachungulia ndani ya mtutu kuhakikisha ni mtupu, kisha navizungushia vipande vyote blanketi kuukuu na kuviingiza kwenye mfuko mmoja. Katushi, yaani risasi zake, naziweka ndani ya kikopo, kwenye mfuko mwingine. Ndivyo alivyonifundisha marehemu mume wangu hapa Nyabiondo, naye alikuwa mwindaji mwenye kibali. Alipofariki, shemeji zangu walisema bunduki si mali ya mwanamke. Nikaenda ofisini, nikaulizwa maswali ambayo sidhani mwanamume huulizwa, nikarudi tena na tena mpaka kibali kikaandikwa kwa jina langu. Tangu hapo, lolote itakalofanya bunduki ile, wa kujibu ni mimi.

Msimu uliopita dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mpofi, upande wa Walikale, alinitumia habari kwa mwendesha pikipiki. Nguruwe wa pori walikuwa wanamaliza mihogo yake. Yeye na mumewe walipiga madebe kila jioni, lakini nguruwe walikwisha kuzoea ngoma hiyo na hawakuinua hata kichwa. Nikafunga mifuko yangu, nikapanda pikipiki ya huyo huyo aliyeleta habari.

Kwenye bariyeri ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari alisoma kibali, akaugusa mfuko, akasema, "Mama, ufunge muzuri. Batu bakiona bunduki mu njia bataogopa." Nikamshukuru, nikakaza kamba.

Bariyeri ya pili ilikuwa karibu na Mpofi. Mkuu wao, mwanamume mnene aliyevaa koti la mvua, aliagiza mfuko ufunguliwe. Alipouona mtutu uso ukambadilika.

"Juu ya nini unaificha?"

"Siifiche, Chef. Minaifunga tu. Sheria njo inasema ivyo: inasafiri bila kitu ndani, inafungwa, katushi inakaa mbali. Permi iko hii." Nikampa kibali.

"Bunduki ya kufichwa iko ya waasi."

"Kule nyuma balisema niifunge zaidi."

"Kule iko kule. Hapa iko hapa."

Wenye vibali tunaijua vizuri hadithi hii. Ukiibeba wazi, unatisha watu. Ukiifunga, unaficha. Sheria ni moja, lakini kila kamba iliyovutwa katikati ya barabara imezaa sheria yake.

Mkuu akakunja kibali changu, akanirudishia. "Bunduki inabakia hapa. Utaibeba siku ya kurudia."

Ningekuwa mgeni wa milima hii labda ningekubali. Lakini bunduki ikiachwa mikononi mwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye kibali, inaweza kutoka usiku ikafanya kazi za wezi na wauaji, na asubuhi ukaikuta mahali pake imepanguswa vizuri.

"Hapana, Chef," nikamwambia. "Ikiua muntu, batatafuta jina gani? Yako ao yangu?"

"Basi rudia kwako."

"Sirudie. Siko na kosa."

Nikaketi juu ya jiwe kando ya njia, nikaupakata mfuko. Mwendesha pikipiki alikuja kunong'ona. "Mama, tutoke. Hawa batu iko na hasira." Nikamwambia aende zake kama anaogopa, yeye ana watoto. Hakwenda. Alisogeza pikipiki chini ya mti, akajifanya anasafisha plagi.

Mvua ikanyesha, ikakatika. Wanawake wa soko waliokuwa wanapita na mizigo ya mihogo mgongoni walisimama kuuliza, na mmoja akatua mzigo wake akakaa karibu nami. Hapo ndipo alipopita mwanamume asiye na sare, bunduki ya kivita imening'inia kifuani, kidole kimekaa kwenye kifyatulio kama mtu aliyezoea kukisahau pale. Walimshushia kamba kabla hajafika. Hakuulizwa hata anatoka wapi.

Nilisubiri avuke, kisha nikapaza sauti ili wote wasikie. "Chef, na ule, permi yake iko wapi?"

Askari wawili wakatazama chini. Mwanamke aliyekaa nami akakohoa kuficha kicheko. Mkuu akanijia, akanisimamia juu ya kichwa.

"Nitakutia mu kasho."

"Nitie. Lakini uingize na bunduki, tulale pamoja. Jina yetu iko moja."

Niliogopa, siwezi kusema uongo. Najua wanawake walioingia kasho, yaani mahabusu, kwa maneno machache kuliko hayo. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa huku nikiwa nimefuata kila kitu nilichoagizwa, na uchovu wa namna hiyo hukaza shingo.

Mkuu akapanda mahali penye mtandao, akampigia mkubwa wake. Aliporudi alikuwa amenuna. Mkubwa ameamua: bunduki iende nami, lakini katushi zibebwe na polisi mmoja wa bariyeri mpaka shambani, naye arudi nazo. Nikakubali. Polisi huyo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na tukasafiri kwa pikipiki ile tumebanana, mimi na mtutu wangu katikati.

Dada yangu alitupeleka moja kwa moja shambani. Mashina yalikuwa yamelala, udongo umefukuliwa kama kaburi changa. Polisi aliangalia, akatikisa kichwa, akasema kwao ni hivyo hivyo. Jua liliposhuka tukajibanza nyuma ya kichuguu. Nilikuwa nimeshaiunganisha bunduki.

"Mama, unajua kweli kupiga?" akauliza.

Nikanyoosha mkono anipe katushi.

Walitoka msituni kwa mstari, dume mbele. Nilimwacha aanze kula, nikampiga nyuma ya bega. Wengine walipasua vichaka wakapotea. Dada yangu alikaa chini palepale kwenye matuta, akalia kidogo, kisha akaenda kutafuta kisu.

Tulipokuwa tunarudi, mkuu wa bariyeri alinusa mfuko wa nyama. "Na ya Chef iko wapi?"

"Ingali mu pori, Chef. Ukipata permi utaikuta."

Polisi mwenye mvi alicheka waziwazi. Mkuu hakucheka, lakini kamba alishusha.

Habari zilifika Nyabiondo kabla yangu. Jioni mmoja wa wale shemeji zangu, ndugu wa marehemu, alikuja kunishauri. Alisema kuna kinjia cha msituni kinachokwepa bariyeri zote, na wenye bunduki wote hupita huko, wenye kibali na wasio nacho.

"Wewe njo unajitafutia mateso," akasema. "Nani atakuona kule?"

"Juu ya ile njo sitapita kule," nikamjibu. "Mimi minataka banione."

Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Sasa dada yangu ameshatuma habari kwamba nguruwe wameonekana tena upande wa mto. Kesho asubuhi napita barabara kubwa.