Kitanda ya Solange na Tairi ya Ndani

Tukipita Ndera usiniombe nishuke kwa gari. Mimi nitabaki ndani, kofia mpaka puani, kwa sababu pale kwa kona kuna mama anauza mandazi na kila akiniona anacheka mpaka mandazi inaungua, na mimi nikikasirika (kukasirika ni kitu nafanya hata nikiwa usingizini) anacheka zaidi. Acha basi niwaambie mwenyewe, maana huku Kimisagara kila mtu anaisimulia na kuongeza chumvi yake, na aibu ni yangu, si yao.

Mimi ni kigingi, yule msaidizi wa dereva anayeruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi lori ikisimama kwa mlima. Shule na mimi tuliachana mapema, hakuna aliyelia, na kazi nimejifunza kwa kutazama tu mikono ya dereva wangu, Kaka Deo. Kaka Deo alikulia Bujumbura, anaongea polepole, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Ukimgusa Kaka Deo umenigusa mimi. Watu wananiita Redio, na sitaki maswali kwa nini.

Sasa dada yake mdogo, Solange, alikuwa anaolewa. Kwetu binti anaingia kwake na vitu vyake, kitanda, kabati, viti, sufuria, mpaka fagio, na vinapelekwa mchana ili watu wa bwana waone hatukumtoa mikono mitupu. Na hao watu wa bwana, wa Ndera, wenye nyumba mpya, walikuwa wameshasema (kwa adabu kabisa, matusi ya Kigali inakuja imevaa tai) kwamba wao wanaweza kutafuta gari ingine, lori yetu hawana uhakika nayo. Kaka Deo akakataa. Akasema vitu vya dada yake atabeba yeye. Yaani heshima ya nyumba yao yote ilipanda kwa ile lori.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, tukangoja barabara zifunguliwe, tukapakia Gisozi kwa mafundi. Kitanda yenyewe, kichwa yake kubwa kama mlango wa kanisa, na matresi juu ya vitu vyote, bado iko kwa nailoni. Tukasimama kwa kompresa tujaze tairi upepo. Kaka Deo akaenda kutafuta kamba ingine, akaniachia maneno machache: "Redio, za nyuma angalia zote. Ya kulia ya ndani inapoteza upepo."

Kwa wasiojua: nyuma ya lori kila upande iko tairi mbili zimebanana. Ya nje unaijaza umesimama, unapiga stori. Ya ndani lazima upige goti, upitishe mkono kwa tundu ya rimu mpaka kiwiko, uitafute valvu kwa vidole. Nilikuwa nimemaliza ya nje, goti iko njiani kwenda chini, ndipo akafika Patriki.

Patriki ni binamu wa bwana harusi, alitumwa kutuonyesha njia. Viatu vyeupe, sha, kwa kompresa. Akaizunguka lori, akaipiga tairi teke kidogo, akauliza taratibu, "Hii itafika, ama niite ingine ije kuivuta?"

Ningepiga goti nikafanya kazi, leo ningekuwa mtu mwenye jina. Mimi nikaamua nimjibu kwanza. Nikamwambia lori hii imepanda milima ambayo gari ya baba yake ikiona kwa picha tu inachemka maji. Nikamwambia na mengine ambayo hapa siwezi kurudia. Yeye anatabasamu, mimi natoa moshi, mdomo uko kwa Patriki na mkono ukarudi kwa tairi peke yake, bila mwenyewe, ukachomeka bomba. Geji ikapanda palepale.

"Unaona?" nikamwambia. "Hata hii ya ndani, ile inavuja, imejaa. Hii si lori ya kuchezea."

Nikaongeza kidogo, ya heshima. Nikaongeza tena, kwa sababu bado alikuwa anatabasamu. (Wenye akili mmeshajua mkono ulikuwa kwa tairi gani. Asanteni sana. Siku ile mlikuwa wapi?)

Kaka Deo akarudi, akauliza kama nimejaza ya ndani. Nikamwambia imeshiba, na roho safi kabisa, hata kiapo ningekula.

Kwa lami tulienda vizuri. Tukaingia ile njia ya mawe ya Ndera, na pale langoni wako wote, wazee wamevaa makoti, wamama wanapiga vigelegele, na Kaka Deo akapunguza mwendo ili waone vizuri. Mimi nimesimama nje kwa mlango, napunga mkono kama waziri. Hapo jiwe moja ikaishika tairi ya nje ya kulia, ile niliyoipa heshima, ikapasuka.

Sasa tairi mbili ziliwekwa pamoja kwa sababu hiyo, moja ikifa mwenzake anabeba mpaka nyumbani. Lakini mwenzake alikuwa amelala kitambo. Lori ikainama upande wa mtaro, polepole, kama mzee anatafuta kiti, kamba zikakatika, nami nikaruka na jiwe yangu mkononi kama kazi inavyotaka. Matresi ikanitangulia chini. Nikaangukia juu yake, chali, jiwe kifuani, mbele ya miguu ya baba mkwe wa Solange. Mtu wa kwanza kulala kwa matresi ya ndoa ya Solange ni mimi, mchana, na mashahidi wote wapo. Nyuma yangu kichwa ya kitanda ikaja kusimama kwa mtaro.

Vigelegele vikakatika. Nikamsikia mama wa mandazi akianza.

Kaka Deo akashuka, hakuniangalia. Akapiga goti, akapitisha mkono kwa rimu, akatoa kifuniko cha ile valvu ya ndani. Kilikuwa na tope kavu ya siku nyingi, hakuna kidole kilichopita. Baba mkwe akauliza nani alikagua tairi. Kaka Deo akakitia kifuniko mfukoni.

"Ni mimi, mzee. Mtusamehe."

Hapo ndipo niliumia. Siku nzima nimetukana watu kwa ajili yake, na sasa yeye ananilipia. Nikasimama palepale juu ya matresi, nikasema kwa sauti, "Anadanganya. Ni mimi. Nilijaza ya nje mara mbili, nilikuwa natukanana na huyu wa viatu vyeupe."

Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mnene aliyejifunga mushanana yake ya sherehe, akasema, "Sawa kijana, tumesikia. Sasa shuka kwa matresi, mwenyewe hajafika."

Wakacheka wote, hata baba mkwe, na kicheko ile ndiyo iliiokoa heshima ya Kaka Deo, si mimi. Patriki akaingia mtaroni na viatu vyake vyeupe, akashika upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, hatukuangaliana, tukaibeba mpaka ndani. Ilikwaruzwa kidogo kwa mguu. Solange anasema kila akifagia anaiona na kunikumbuka, na si kwa wema.

Kifuniko kile Kaka Deo alinipa kesho yake, nimekifunga kwa ufunguo wangu. Siku hizi naanza na ya ndani, goti kwanza. Na ukitaka kumsema Kaka Deo, wewe sema tu, mimi bado ni yuleyule, utapata jibu yako na ya ukoo wako mzima. Lakini utangoja nitoe mkono kwa rimu.