Shati Jeupe la Baba

Jana umeme ulikatika, binti yangu akasugua pasi ya makaa juu ya jani la mgomba. Ile harufu! Nikawa tena mtoto, natoka shule mbio.

Siku hiyo mwalimu alituambia, "Kitabu hakisemi yote. Angalia watu wanafanya nini, utajua." Na kwetu, tangu askari walipomchukua baba, hakuna mtu aliyekuwa anataja jina lake. Nikamkuta mama anapiga pasi shati jeupe la baba, lile la kanisani.

"Mama! Baba anarudi!"

"Shh! Nani amekuambia, wewe?"

"Shati."

Mama akacheka, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye joto la pasi. Nyuma ya pazia kikohozi cha baba kikasikika. Nikapita chini ya mkono wa mama, mbio.