Kuku Wetu Kumi na Wawili, Majogoo Kumi na Wawili

Leo asubuhi kuku wetu wamewika. Wote!

Marafiki, nina mume mtamu kuliko wote Kolwezi, lakini leo nimelia sana.

Vifaranga hivi tulivinunua wiki ya harusi yetu, katika katoni iliyoandikwa "majike wa mayai". Tulipanga kwamba mayai yakianza, mpenzi wangu ataacha kuchimba kobalti shimoni.

Nilikimbia dukani.

"Mama, ile katoni ni ya zamani," muuzaji akasema. "Mi natiyaka mule batoto ba kuku bote, majike na majogoo."

"Na maandishi?"

"Ni ya bale ba kwanza."

Nyumbani mume wangu alinikumbatia. "Usilie, sheri. Nyama tuko nayo."

Kisha akachaji taa yake ya kichwani. Kesho anarudi chini.

Nani anajua kazi nyingine kwa mwanamume anayependwa hivi?