Safari ya Mombasa Kumtafuta Mwalimu wa Rukia

Nilikwenda Mombasa kwa hasira, nikarudi na hasira zaidi. Ninyi wa Ngamiani mnaonisimamisha kila nikipita, "Mzee Bakari, huko kwema?", nawaandikia mara moja ili niache kujibu mlango kwa mlango. Huko si kwema. Mji mzuri, watu wake wazuri, chakula usiseme. Kilichonipeleka ndicho kibaya.

Mnamjua mjukuu wangu Rukia. Yule aliyekuwa akifuga ukungu wa mkate kwenye vikombe vya bibi yake, Mungu amrehemu, mpaka bibi akamtoa nje na vikombe vyake. Mtoto huyo akafika chuo kikuu, akasomea bayoteknolojia. Mimi shule yangu iliishia pale mwalimu alipohama asiletwe mwingine, kwa hiyo nasema nilivyofahamishwa: unachukua kipande cha mgomba, kidogo kuliko ukucha, unakitia ndani ya chupa yenye chakula chake, kwenye chumba kisicho na hata chembe ya vumbi. Kikichipua unakigawa, na kila kipande kinakuwa mgomba mzima usio na ugonjwa. Basi. Chuo chetu, na chuo kimoja cha Kenya, na kampuni ya Mombasa ambayo wenyewe wako Ulaya, walipatana wanafunzi wavuke mpaka wakafunzwe kazi hiyo mwaka mzima. Walitia saini, wakapigwa picha. Tulipika pilau, mkala.

Miezi ikapita. Siku moja nikaitwa dukani kwa Mzee Juma, kuna simu. Rukia analia.

"Babu, mimi naosha chupa."

"Chupa si ndiyo kazi yenyewe?"

"Naosha tu, babu. Chumba chenyewe sijakiona ndani. Kinafungwa. Mwaka ukiisha nitaulizwa najua nini, nitasema najua sabuni."

Kesho yake nikapanda basi.

Mpakani Horohoro afisa aliniuliza nakwenda Mombasa kufanya nini. Nikamwambia, kugombana. Akacheka, akanigongea muhuri, akasema wengi huenda kwa hilo ila husema wanakwenda harusini. Barabara ya upande wa pili ilikuwa na mashimo kama ya kwetu, kwa hiyo katika hilo nchi hizi mbili zimeshirikiana vizuri. Likoni tukavuka kwa feri. Nikapita Mji wa Kale kwa miguu, njia nyembamba hata ukikutana na mkokoteni lazima mmoja wenu arudi nyuma, na mimi siku hiyo sikuwa mtu wa kurudi nyuma.

Kibokoni nilifikia kwa shemeji yangu Bi Mwanate, dada wa marehemu mke wangu. Alinipokea mlangoni kwa lahaja yao, ambayo "njoo" ni "ndoo".

"Ndoo, shemeji, ndoo! Miaka yote hukuya, leo umekuya na uso umeufunga kama duka la Ijumaa."

"Nina hasira, shemeji."

"Hasira ziweke hapo na viatu. Kula kwanza."

Nikala mahamri kwa mbaazi. Yale mahamri ya Kibokoni, jamani, hata mwenye msiba atakula. Rukia, ambaye alikuwa akikaa hapo hapo, alipotoka kazini nikamshika mikono, na hamu ya kula ikanitoka. Ngozi ilikuwa inabanduka vidoleni kwa dawa ya kuulia vijidudu. Akasema mhadhiri wa chuo cha Kenya alikuja mara moja kuwatazama, akanywa chai, wakamlalamikia, akajibu mafunzo ni juu ya kampuni.

Asubuhi tukaenda Kizingo. Huko miti mingi, nyumba kubwa, na kila mtu ndani ya gari. Ukienda kwa miguu mbwa wanakubwekea kama umeiba. Kampuni imekodi jumba moja la zamani. Meneja ni kijana wa tai, mwenye adabu. Alinipa kiti, akaniita baba, akanijibu kwa sauti laini, na hiyo sauti laini ndiyo iliyonichoma.

"Baba, Rukia ni mwanafunzi wa chuo. Mafunzo yake ni juu ya chuo."

"Chuo kinasema ni juu yenu."

"Njia ya kuotesha ile miche ni mali ya kampuni mama. Mwanafunzi akiijua, akaondoka nayo?"

"Mwanafunzi huondoka na nini kingine, mwanangu? Akijua ndiyo kafunzwa. Mlimwitia nini?"

"Tulikubaliana kumpa nafasi. Nafasi amepewa."

"Amepewa karai!"

Akatazama saa yake. Nilitaka kusema mengine ambayo siyaandiki, maana barua hii itasomwa na jirani yetu Bi Tatu. Rukia akanivuta kanzu, tukatoka.

Sasa nisikilizeni kidogo. Mimi nilijifunza cherehani kwa fundi wa kanzu. Siku ya kwanza baba alinishika mkono, akautia ndani ya mkono wa fundi, mbele ya watu. Ikaletwa sahani ya haluwa, fundi akala tonge, akanywa kahawa, yakaisha. Tangu hapo nikiharibu kitambaa ni aibu yake, nisipojua kukata shingo ya kanzu ni aibu yake. Nami nilipopata wanafunzi nilikula haluwa ya baba zao, na wawili kati yao walikuwa mizigo, Mungu anisamehe, lakini nilishakula. Nikamuuliza Rukia: siku ulipofika, nani alikupokea mkono? Akafikiri, akasema mlinzi, kwa ajili ya begi.

Nikamwambia Bi Mwanate nitamkabidhi Rukia upya, kwa haluwa. Katika kampuni ile mkubwa wa maabara ni Daktari Salma, mtoto wa Bondeni, ukoo wao Waarabu wa huko tangu zamani. Bi Mwanate anamjua mama yake. Akamwita, na Ijumaa baada ya alasiri akaja, buibui limepigwa pasi, salamu zake ndefu na nzuri, akamuuliza Bi Mwanate hali ya kila mtu hadi paka. Majirani wawili walikuwa barazani. Nikauchukua mkono wa Rukia nikautia katika mkono wake.

"Daktari, nakukabidhi mjukuu wangu. Akikosa mkanye, akipata mwonyeshe la mbele."

Bi Mwanate akasogeza sahani ya haluwa. Mkono wa Rukia daktari hakuuachia, ila mkono wa pili aliuweka chini ya buibui.

"Baba, nisamehe. Sahani hii naijua. Ndugu zangu walikabidhiwa hivi hivi kwa fundi wa magari. Nikila, Rukia ni wangu. Na nikila nisimfunze, nimekula haramu."

"Basi mfunze."

"Kile chumba mimi mwenyewe naingia kwa ruhusa. Mwenye ruhusa yuko Ulaya, simjui hata uso."

"Meneja je?" akauliza Bi Mwanate.

"Meneja atakula, bibi, na ataomba nyengine. Hatajua amekula nini."

"Sasa nani ale?" nikasema, na nakiri nilipaza sauti, mpaka jirani mmoja akaweka kikombe chini. "Vyuo viwili, kampuni moya, kama msemavyo nyinyi, na katika wote hao hakuna kinywa?"

Daktari akainama. "Hakuna, baba. Wallahi hakuna mtu."

Rukia ndiye aliyesema. "Daktari, nikikaa mpaka mwisho, cheti nitapata?"

"Utapata. Kitasema umefunzwa yote. Waliokutangulia walipata."

"Nami nitasimama mbele ya watu niseme najua?"

Daktari akautazama ule mkono wa Rukia. Mato yake, ndivyo wao wayaitavyo macho, yalikuwa mekundu. Rukia akautoa mkono wake taratibu, akambusu daktari wake kichwani kwa heshima, akaingia ndani kufunga begi. Sikumwambia afunge. Niliona na mimi pale mlangoni kwamba ule mwaka unakwenda zake.

Tumerudi Jumatatu. Chuoni kwetu wamemwandika mtoro wa mafunzo, arudie mwaka. Mkuu wa idara aliniambia ushirikiano huu ni fahari ya nchi zote mbili, tusiutie doa. Mtoto wangu vidole vimebanduka, doa ni yeye! Rukia amekubali kurudia. Anasema kurudia kunauma ila ni kwa kweli, na yuko maktaba tangu jana.

Nilichojifunza nawapa bure. Wanachagua wanafunzi wengine wa kuvuka, na binti wa Bi Tatu yumo. Jumamosi kuna mkutano, wazazi tumealikwa soda. Mimi nakwenda. Watakapomaliza hotuba nitasimama niulize swali moja: huko, mtoto huyu ni wa nani? Nataka jina la mtu mwenye mkono. Wakinitajia jina la jengo, nitauliza tena.