Siku Mutu ya Maski Alipoonyesha Uso

Mu Bunia nzima, wakati ile ya vita, hakukuwa mutu wa kutafsiri filme kunishinda mimi. Naandika hivi wazi, kwa sababu wale walionishinda ku masomo leo wananiomba kazi. Mimi nilifika mwaka ya ine ya primeri, nikaishia pale. Kingereza sikujua hata neno moja. Lakini nilikuwa na mikro, na sauti, na mayele, na mutu mwenye mayele anaangalia midomo ya muzungu na kujua kama anaomba chai ao anaomba rehema.

Nilianza kwa kusukuma pusi-pusi ya mchanga. Kisha baiskeli ya sabuni, Bunia na Aru, Aru na Bunia, mpaka siku moja nikarudi na televizyo imefungwa mu blanketi kama mugonjwa anapelekwa hospitali ya Nyankunde. Nikajenga sine yangu, nyumba ya kuonyesha filme: miti, bashe za plastiki ku kuta tatu, manjanja ya bati juu, benchi kumi na mbili nilizopigilia misumari mwenyewe. Nyuma, grupu ndogo ya esansi ilikuwa inapiga kelele na kutoa umeme. Tulionyesha muchana tu. Mbele ya jua kuzama kila mutu alitaka kuwa kwake, mulango imefungwa.

Watu wa pande zote mbili za vita walikuja kwangu. Sitaandika makabila. Mutu ya Bunia anajua, na asiye wa Bunia haitamusaidia. Soko ilikuwa imegawanyika, makanisa pia, hata mabomba ya maji. Askari wageni wenye kofia za bleu walipita na magari yao meupe, lakini hawakuweza kukalisha watu pamoja. Mimi niliweza. Hawakuchanganyika, hapana: hawa benchi za kushoto, hawa benchi za kuliya, katikati njia ya kupita mutu moja. Lakini walicheka kitu moja kwa wakati moja, chini ya manjanja yangu. Nilijivunia ile kuliko televizyo. Na kila siku nilikuwa naogopa kuipoteza.

Sheria ilikuwa moja tu: panga haiingii. Watu walitoka ku shamba na panga mukononi, wakaziacha mu pipa tupu ya mafuta ku mulango, mipini juu. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikaa pembeni ya ile pipa na sahani yake ya maharagi. Alijua kila panga na mwenyewe wake. Ukitoka, alikupa yako mbele hujanyoosha mukono.

Filme iliyopendwa kupita zote ilikuwa kasete ya zamani. Vijana wazungu wanakwenda kukaa mu nyumba karibu na mashini ya kupasua mbao, na mutu moja mwenye maski ya chuma, ile ya fundi wa kuchomelea, anawakatakata moja moja. Hasemi kitu. Hakimbii. Maski haitoki, mwanzo mpaka mwisho. Anabakia binti moja wa sweta ya kijani, anajificha mu sanduku kubwa ya unga wa mbao, na asubui anatoka, mweupe kichwa mpaka miguu, muzima. Tulionyesha ile kasete mpaka picha ikapata mustari wa kutetemeka katikati. Watu waliijua yote. Binti akiingia mu sanduku, sine nzima ilimuambia kwa sauti moja: "Kaa pale pale. Usitoke bado." Mama mumoja wa benchi ya mbele kushoto, mukimbizi kutoka upande wa Djugu, yeye njo alikuwa anaanzisha. Wa kuliya walimufuata.

Mutu ya maski hakusemaka, basi na mimi sikumupa maneno. Nilisema tu: "Huyu hana baba, hana mama, hana kwabo. Chuma njo ilimuzaa." Wote waliridhika. Muuaji asiye na kwabo, unaweza kumuogopa bila kumuangalia jirani.

Sasa mufanya-biashara wa Aru aliyekuwa ananiuzia filme akaniambia kama wazungu wameitengeneza ile filme upya. Filme ile ile, batu bapya, rangi safi. Niliona utajiri mbele ya macho. Nilizunguka mitaa na kipaza-sauti siku mbili: mutu ya maski amerudi. Niliweka CD bila kuiangalia kwanza mimi mwenyewe. Sikuwa mutu wa kuangalia mbele. Nilikuwa natafsiri palepale, ya moto.

Saa nane ya muchana benchi zilijaa, wengine wakasimama. Pipa nayo ilijaa, mipini imebanana kama kuni.

Shida ilianza mapema. Binti alitokea bila sweta ya kijani.

"Huyu nani?" mama wa mbele akaniuliza.

"Njo yeye, mama. Ni yule binti."

"Si yeye. Yule ninamujua."

Kisha mutu ya maski akatokea ku musitu, akaanza kukimbia. Sine yote ikanung'unika.

"Patron, huyu iko nakimbia juu ya nini?" fundi moja wa matofali akasema, mutu wa kuliya, mwenye mudomo. "Ule wetu anatembeaka. Huyu ni kama iko nafukuza taksi."

"Ule wetu alijua atakufikia tu," mwingine akajibu toka kushoto. "Huyu hana hakika na kazi yake."

Walicheka, pande mbili. Nikapumua. Nikaweka maneno yangu ya kuchekesha, na kwa nusu saa mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa walikuwa wanasahihisha kila kitu. Panga imeshikwa vibaya. Mulango ilipaswa kuvunjwa na bega. Damu ni nyingi kupita. Kijana moja mu filme alipopigwa, alilia kwa sauti kubwa, muda mrefu, na mama wa mbele akasema polepole, kama mutu anaonja muchuzi:

"Mutu hapigake kelele vile. Ananyamaza."

Ku televizyo yule kijana aliendelea kulia, na mimi nikapunguza sauti. Kutoka pale sikutulia tena.

Kisha ikaja kitu ambacho kasete ya zamani haikuwa nayo. Mutu ya maski aliingia mu nyumba ndogo nyuma ya mashini, akafunga mulango, akafungua bomba. Akavua maski. Akakunywa maji.

Uso ilijaa televizyo yote. Haikuwa uso ya kutisha. Ni mutu tu, ametoka jasho, anafuta mudomo na mukono kama siye wote tukitoka kazini. Rangi ya ngozi ilikuwa ya jua, ya kati na kati, na mwanga wa ile chumba ulikuwa mubaya, na mimi mwenyewe nikasahau kama ni muzungu.

Kutoka benchi ya nyuma, kuliya, sauti moja ikauliza, bila hasira:

"Patron. Huyu ni mutu ya wapi?"

Kila mutu wa Bunia anajua ile ulizo. Njo waliuliza ku barieri zote za barabarani, na jibu lako njo liliamua kama utafika kwako. Sikuwa nimepata kusikia mutu akiiuliza ndani ya sine yangu. Aliyeuliza alikuwa mwanaume wa koti ya jini, kitambaa cha jeans, mukimya, alikuja mara tatu ao ine tu.

"Muangalie pua," mwingine akasema.

"Pua imefanya nini?" Hiyo ilikuwa kushoto.

"Nimesema muangalie tu."

"Sema wazi basi. Pua ya nani?"

Ku filme mutu alianza kufungua mudomo. Alikuwa anazungumuza ku simu, na mamaye nafikiri. Na mimi njo nilipaswa kumupa sauti. Kwa mara ya kwanza yule muuaji alikuwa na sauti, na sauti ile ilikuwa mukononi mwangu. Nikimupa matamshi ya kushoto, nimekufa. Nikimupa ya kuliya, nimekufa. Nikinyamaza, wao wenyewe watamupa. Niliona vichwa havitazami televizyo tena. Wa kushoto wanaangalia kuliya, wa kuliya wanaangalia kushoto, na wachache, polepole, wanaangalia mulango. Wanaangalia ile pipa.

Bibi yangu alikwisha kunitangulia kuona. Alichukua ile ubao tulifunikiaka pipa wakati wa mvua, akaulaza juu ya mipini, akapanda, akakaa juu yake na sahani ya maharagi mu magoti. Mwanamuke wa tumbo ya miezi saba. Akaendelea kuchambua.

Mimi sikuogopa. Jasho nililotoka lilikuwa la joto ya manjanja. Nilisogeza mikro ku mudomo, nikasema:

"Mumeuliza mutu ya wapi. Ni mutu ya kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu Mahagi. Huyu ni mujomba wangu, ndugu wa mama. Alikwenda kwa wazungu kupasua mbao, hakuandika hata barua moja, na leo njo namuona."

Mahagi haikuwa ya kushoto wala ya kuliya. Nikamupa sauti ya mujomba wangu wa kweli, mutu wa ziwa, mwenye kuburuta maneno kama anavuta wavu. Nikamufanya anamuambia mamaye ku simu kama samaki ya huku haina chumvi, na wakwe wanamusumbua, na ile kofia ya chuma inamuumiza masikio.

Fundi wa matofali njo alicheka wa kwanza. Kisha wa kushoto. "Patron, mujomba wako ni mubaya," mama wa mbele akasema, "mumurudishe Mahagi akafunge nyavu." Sine yote ikacheka, na vichwa vikarudi ku televizyo.

Saa nzima iliyobakia nilibeba muuaji ku mabega yangu. Kila mara alipokata mutu, mujomba wangu aliomba radhi kwa sauti ile ya kuburuta. Walicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nasikia mate machungu mu mudomo, kwa sababu yule muzee njo alinifundisha kuogelea. Na mwisho, mu ile filme mupya, binti aliingia mu sanduku ya unga wa mbao, watu wakamuambia akae pale pale, na mujomba wangu akafungua sanduku.

Walitoka. Bibi yangu alishuka, akawapa panga zao, moja moja, mipini mbele.

"Umetoa watu wako kama sadaka," akaniambia wakati tulibaki wawili.

"Nimeokoa sine."

"Umeiokoa leo." Akainua ubao. Mu pipa ilibaki panga moja. "Ule wa koti ya jini alitoka mbele filme haijaisha. Hakuuliza yake."

Pale njo raha iliniisha kabisa. Mutu anaacha panga yake kwa sababu mbili: iko na ingine, ao iko na watu wa kuja nao. Siku zilizofuata nilionyesha filme za ngumi na za mapenzi, lakini kila kivuli ku mulango kilinisimamisha maneno. Watu walipunguka. Kushoto benchi tatu, kuliya mbili. Mama wa mbele hakuja. Mu mitaa waliniita mupwa wa muuaji. Wengine kwa kucheka, wengine sikuwa na hakika. Nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani kila siku. Kuonyesha tena ile filme mupya nilikataa, hata walipoomba.

Panga ilikaa mu pipa. Bibi yangu, mutu asiyependa kitu kilale, akaanza kukatia majani nayo. Mupini ukapasuka. Akaipeleka kwa fundi wa mbao akaweka mwingine, wa muti mweupe.

Mutu wa koti ya jini alirudi siku ya mvua. Mimi nilikuwa ninapanga benchi mahali manjanja haivuji. Nilimuona amesimama ku mulango, nikaweka benchi chini.

"Nakuja kuchukua kitu yangu," akasema.

Bibi yangu akamupa. Aliigeuza, akaangalia chuma, akaangalia mupini.

"Chuma ni yangu. Huku ku mupini siko najua."

"Wa zamani ulipasuka, papa. Nisamehe."

Alicheka kidogo, kwa pua. Akabaki pale na panga mukononi, maji yanamutoka ku koti. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Siku ile ulitoka mbele ya mwisho. Juu ya nini?"

"Niliuliza tu," akasema. "Nilitaka kujua kweli. Kisha nikaona namna batu banaangalia ile pipa. Na mimi nilikuwa naangalia." Akafuta maji ku uso. "Nikasema niende mbali nayo."

Yeye njo aliendelea:

"Ile ya zamani bado iko? Ile ya maski?"

"Iko. Imechakaa."

Akarudisha panga mu pipa, yeye mwenyewe, akakaa ku benchi niliyokuwa nimeiweka katikati, mu njia, ile moja tu iliyokuwa kavu. Nikawasha grupu, nikaweka kasete. Nilipochukua mikro, akainua mukono. "Leo usitafsiri." Basi mimi, wa kwanza mu Bunia nzima, nikakaa kimya ndani ya sine yangu. Nikasikia kwa mara ya kwanza kama ile filme ina upepo, na musumeno unaolia mbali.

Ile sauti ya musumeno watu waliijua. Fundi wa matofali aliingia, kisha wengine watatu waliokimbia mvua, kisha mama wa mbele na kitambaa kimelowana kichwani. Aliangalia benchi yake ya kushoto. Ilikuwa imejaa maji. Akaangalia mutu wa koti ya jini. Yule akasogea kidogo tu, bila kugeuka, na mama akakaa pale.

Ku televizyo, chini ya ule mustari wa kutetemeka, binti wa sweta ya kijani alifunika sanduku. Mutu ya maski alipita, polepole, kama kawaida yake.

"Kaa pale pale," mama akasema.

"Usitoke bado," mutu wa koti ya jini akasema.