Kitambaa cha Kitenge Kwenye Betri

Asubuhi ile ya baridi pale Igwachanya, nilizungusha ufunguo na gari likakaa kimya. Hata taa ya dashibodi haikuwaka. Nilikuwa nampeleka mama hospitali, Njombe mjini, kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshaziba, na la pili lilianza kuingia ukungu.

"Basi turudi ndani," mama akasema, hata sijashuka. "Viazi vimeshaiva."

Nikashangaa. Nani anabandika viazi siku ya safari?

Gari likigoma, usiogope, lisikilize kwanza. Likizunguka bila kushika, tazama mafuta au plagi. Likigonga tu ta-ta-ta, huenda betri imeshuka. Likiwa kimya na taa zote zimekufa, ujue umeme haupiti kabisa. Jana yake nilitoka nalo Makambako bila shida, na betri ilikuwa mpya. Nikaona hapa pana mkono wa mtu.

Jirani akatokea uani. Jioni nilimwona akipita karibu na gari, spana mkononi.

"Kamwene, dada. Limegoma?"

"Jana spana ilikuwa ya nini?"

"Namba kumi? Nilimletea mama. Kasema anakaza kitanda."

Kitanda cha mama ni cha misumari, hakina nati hata moja. Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama mlima.

Nikafungua boneti. Kwa macho, kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilipoishika terminali ya hasi, kile kibano cha waya kwenye betri, ikacheza. Nikaiinua. Nguzo ya betri ilikuwa imeviringishiwa kipande cha kitenge cha bluu, kile cha aproni ya mama.

Jirani akacheka. "Kumbe fundi tunaye hapa hapa!" Akaondoka zake.

"Si ulinifundisha mwenyewe?" mama akasema. "Ulipoliacha hapa Krismasi. Ukitenganisha, linalala tu, haliharibiki."

Kweli nilimfundisha. Naye alikuwa amefanya kwa kupapasa.

"Mama, unaogopa nini?"

Akalifunika jicho kwa kiganja. "Wanalitoa jicho lote, wanalisafisha, ndiyo wanarudisha. Nimesikia kanisani. Wakikosea kurudisha?"

Nikamshika mkono. Nikamweleza taratibu kwamba jicho halitoki. Wanatia ganzi, wanafungua kidogo sana, wanatoa kile kioo cha ndani kilichofifia, wanaweka kingine safi.

"Nani kakwambia?"

"Daktari."

"Yeye ameshatolewa?"

"Hapana, mama."

"Basi anajuaje?" Lakini alikuwa ameshainama kwenye betri. Akakifungua kitambaa mwenyewe, akaibana terminali mahali pake, akatoa spana kwenye mfuko wa sweta. "Kaza. Na ukifika huko uniulizie aliyetolewa, nisikie kwa mdomo wake."

Nikakaza, akaichukua spana. Gari likashika mara moja. Nikamnyooshea mkono anirudishie spana, nimpelekee jirani.

Akaitia tena mfukoni, akafunga mlango wa gari.

"Yake ataikuta jioni," akasema. "Kwanza tukawaone hao mafundi wako."